Kichwa cha Eukrito

Fanostrate alikuwa na tabia ambayo uzee haukumwachisha: kila kinyago cha waigizaji alichomaliza kutengeneza alikivaa mwenyewe kwanza, akaketi nacho kimya mlangoni. Majirani walizoea kumwamkia mfalme asubuhi na mjakazi jioni.

"Leo umeua nani, mama?" walimtania.

"Bado," sauti ilijibu kutoka ndani ya kinyago cha kitani kilichogandishwa kwa gundi. "Nangoja mlango ufungwe."

Walicheka, kwa kuwa Waathene wote walijua kwamba katika michezo yao ya kuigiza hakuna anayeuawa mbele ya watu. Watu husikia ukelele nyuma ya mlango, kisha maiti huletwa nje.

Aliyemkorogea gundi ni Arkipe, binti wa kaka yake, mtu wa kuuliza mpaka wakubwa wakamkimbia. Jambo moja tu hakuwahi kuliuliza: kifo cha Eukrito, mume wa shangazi yake.

Eukrito alipigwa jiwe kisogoni bandarini, katika ugomvi wa jogoo wa kupigana, na mchukuzi mmoja aitwaye Kefiso. Desturi ilikuwa wazi. Mwana wa marehemu hubeba mkuki mazishini, akauchomeka kaburini, na tangu hapo kulipiza damu ya baba ni juu yake. Lakini majeruhi akimsamehe aliyempiga kabla ya kukata roho, hakuna jamaa awezaye kudai kisasi tena. Eukrito aliletwa nyumbani akiwa hai, lakini hawezi kusema. Fanostrate aliingia chumbani kwake peke yake, na alipotoka alisema, "Nimemuuliza kama anamsamehe Kefiso. Ameinamisha kichwa." Basi Lisikle, mwanawe wa pekee, hakubeba mkuki.

Miaka ikapita. Mtunzi mmoja wa michezo akaja kuagiza kinyago cha msichana ambaye baba yake anamtoa kafara ili mji upone, na kaka yake baadaye anakuja kulipiza, anaua, naye anauawa.

"Mfanyie uso wa kukubali," alisema mtunzi.

"Nani kakwambia alikubali?"

"Anainamisha kichwa madhabahuni."

"Hata mbuzi wa kafara huinamisha, tukimmwagia maji kichwani, tukasema karidhia. Hebu nikumwagie wewe shingoni, tuone kama hutainama!"

Mtunzi alicheka. Arkipe hakucheka. Aliacha kukoroga, akamtazama shangazi yake, naye Fanostrate akayakwepa macho yake. Siku ile gundi iliungua.

Mchezo ulipoonyeshwa, Lisikle alirudi nyumbani macho yamemwiva. Wenzake walimsimanga njia nzima: "Umemwona yule kaka? Yule mwanamume! Wewe unapishana na Kefiso sokoni, unampa na njia!" Akauangua mkuki ukutani.

"Mama, niambie tena. Baba aliinamisha kichwa?"

Arkipe alikuwa akimenya vitunguu. Kisu kilisimama mkononi mwake.

"Aliinamisha," alisema Fanostrate. "Kaa ule, dengu zinapoa."

"Uape."

"Kwa kaburi lake. Kaa."

Lisikle alisimama kitambo kirefu, mkuki begani, kama mtu aliyesahau alikuwa akienda wapi. Kisha akaketi. Alikula bila kuinua uso, na Kefiso, miaka baadaye, akaja kufa kwa homa, kitandani kwake mwenyewe.

Arkipe aliolewa, akauguza wengi, akajifunza jinsi kichwa cha mtu anayekufa kinavyoweza kulala upande, kuanguka mbele, au kufuata mkono unaokishika. Kadiri alivyojua ndivyo swali lilivyomkaba. Hakutaka kumshtaki mtu. Alitaka tu kujua kilichotokea mle chumbani.

Mwishowe ikawa zamu ya Fanostrate kulala kitanda cha kufia, Arkipe akimuuguza. Uani watoto wa Lisikle walikuwa wakigombania tini, na baba yao akiwafokea huku akicheka. Arkipe aliinama.

"Shangazi, marehemu mumeo aliinamisha kichwa kweli? Au kilianguka chenyewe?"

Fanostrate alisikiliza kelele za uani.

"Mume wangu alikuwa anaondoka," alisema, "na mwanangu alikuwa amesimama nje ya mlango, ananingoja nimwambie kama abebe mkuki. Ungekuwa wewe, Arkipe, ungeona nini?"