Sala ya Mkanda wa Taimingi

Juzi fundi alipokuwa akinibadilishia mkanda wa taimingi wa gari langu, harufu ya grisi ilinirudisha utotoni Nunguni, uani kwetu. Baba alikuwa amefunga mkanda kama huo kwenye gari lake mwenyewe, na kesho yake gari hilo lilipaswa kumpeleka shangazi kanisani kuolewa. Kabla halijawashwa, Mama aliamuru tuombe. Nilichungulia: Baba alikuwa akizungusha injini polepole kwa spana, macho wazi.

"Baba Mwende, fumba macho!" Mama alikatiza sala.

"Kwani wewe umenionaje?"

Niliamini Mungu angeikataa injini kwa dhambi hiyo. Kumbe Baba alikuwa akihakikisha valvu hazigongwi na pistoni, kwani mkanda ukifungwa vibaya injini huharibika pindi inapowashwa. Gari liliwaka, shangazi akapiga vigelegele kabla Mama hajasema amina.

Juzi, fundi aliposhika ufunguo ili aliwashe gari, mimi msomi mzima nilifumba macho.