Moulin ya Tonton Mohamadi na Mkono wa Sikujua

Tairi lilikuwa limeshafika. Petroli ndiyo walikuwa bado wanaitafuta.

Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya mlango wa mbao, pamoja na mzee ambaye shingo yake ndiyo ilikuwa inangojewa na lile tairi.

Ngoja nianze vizuri, maana habari hii imezunguka mji wetu wa Boyoma mzima na kila mdomo umeongeza chumvi yake. Mimi nilikuwamo. Chumvi yangu ni kidogo.

Naitwa Bonheur. Nyumba yangu, kule commune ya Tshopo, haijawahi kulala tupu. Ukija bila kuitwa utakula, ukija na habari mpya utakula nyama.

Mimi na rafiki yangu Hugues tulianza kwa kutengeneza simu barabarani. Polepole tukajifundisha wenyewe kuandika programu kwa lugha ya C, za vile vikadi vidogo vya umeme vinavyoongoza motor. Kazi yetu ya kwanza kubwa ilikuwa moulin mbili, yaani mashine za kusaga, za mzee wetu tonton Mohamadi.

Ndogo ni ya pondu, majani ya muhogo. Haina mfuniko. Unasukuma majani kwa mti, basi.

Kubwa ni ya muhogo. Hiyo ina mfuniko, na ina sheria moja: ukifungua mfuniko, frein, yaani breki, inakamata visu palepale.

Programu tuliandika moja kwa zote mbili. Kuna sehemu, sisi tunaziita vyumba, zinazoingia tu ukisema unatengeneza ya kubwa. Ukisema ndogo, compilateur, yaani ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa maneno ya mashine, inaziruka kama haijaziona.

Na compilateur, ndugu zangu, ni kama jirani wa dirishani. Inaona yote, haimezi kitu.

Kila tulipotengeneza ya ndogo, ilitupigia kelele ileile: frein imeandikwa, lakini hakuna anayeiita.

Sasa kwa ndogo nani aiite? Mfuniko wenyewe hakuna.

Hugues, kelele ile ilimchosha. "Bonheur, hii kitu inasema sana kupita wageni yako."

"Weka frein ndani ya chumba ya moulin kubwa," nikamwambia. "Kwa ndogo haitaiona tena, itanyamaza yenyewe. Kwa kubwa, uiachie mdomo."

"Courant ya umeme itakatika sasa hivi, na wewe unanipa mafundisho!"

Wageni wakanipigia hodi, nikatoka. Niliporudi, compilateur ilikuwa kimya. Nikafikiri amenisikiliza.

Jumanne Hugues akaenda peke yake kuweka programu mpya kwenye moulin kubwa.

Kesho yake mchana, mama Sikujua akaleta muhogo wake.

Sikujua unamjua hata kama hujamwona. Anauza unga wa fufu sokoni, kicheko chake kinavuka barabara mbili. Siku ile alikuwa anatuchekesha habari ya mtu na bibi yake wa pili, na mimi niko pale nakula mambo kwa masikio. Kipande cha muhogo kikakwama. Akafungua mfuniko, kama alivyofungua siku zote, akatia mkono akivute.

Visu havikusimama.

Alipiga kelele moja tu. Halafu tukaona unga unatoka mwekundu.

Wamama wakamfunga mkono kwa kitambaa cha pagne, pikipiki ikawashwa, wakakimbia naye hospitali. Chini palibaki kiatu chake, na vitu vingine ambavyo sitaviandika hapa.

"Moulin imekula mutu!"

Hilo lilikuwa neno la kwanza. La pili ndilo liliua akili za watu.

"Iko fétiche, ni uchawi! Mohamadi analisha moulin damu! Juu ya nini ya kwake inatembea kila siku, na ya wengine imekufa?"

Jiwe la kwanza lilimpata tonton mdomoni. La pili likampasua paji la uso. Kijana mmoja akamchapa ubao mgongoni, ubao ukavunjika, akaendelea na kile kipande kilichobaki. Nikamkamata mzee kwenye kola, nikamvuta ndani ya nyumba ya moulin, nikaangusha komeo.

Tonton alitema jino kwenye kiganja chake, akaliangalia kama ni la mtu mwingine.

"Bonheur, mutoto yangu, fungua. Wakiniua mimi, wewe utapona."

"Nyamaza, tonton."

"Mimi sina fétiche. Nadaiwa swala tu."

Mawe yalikuwa yananyesha juu ya bati. Nikachungulia kwenye ufa. Mbele kabisa alikuwa Yakubu, mume wa Sikujua, muuza mbao, mtu mpole. Siku ile alikuwa ameshika panga, na machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni.

Pembeni yake alikuwa Hugues.

"Mulete tairi!" alikuwa anapiga kelele kupita wote. "Huyu ndoki, muchawi huyu, asione jua ya kesho!"

Nikasema moyoni, bon, uchungu umempanda kichwani. Hata mimi Sikujua ni dada yangu.

Lakini mikono yangu ilikuwa tayari imefungua laptop niliyokuwa nimeibeba mgongoni. Niliangalia waya wa frein, mzima. Basi kosa lilikuwa kwenye maandishi.

Nikafungua faili. Juu ya frein kulikuwa na neno ambalo sikuliandika mimi. Maana yake kwa compilateur ni hii: kama frein haitumiki, usiseme kitu.

Hugues hakuihamisha. Aliifunga mdomo. Kwa ndogo na kwa kubwa, pamoja.

Nikafuta lile neno. Nikahamisha frein ndani ya chumba cha moulin kubwa, kama nilivyomwambia. Nikatengeneza ya ndogo: kimya, sawa.

Nikatengeneza ya kubwa.

Mstari mmoja ukatoka. Frein imeandikwa, lakini hakuna anayeiita.

Maneno yale yale! Kwa ndogo yalikuwa kelele. Kwa kubwa yalikuwa kilio.

Nikashuka na maandishi mpaka mahali panapouliza: mfuniko umefunguliwa? Basi ita frein. Mahali pale palikuwa pamezungushiwa uzio wa sifuri, alama ya kusema ruka hapa siku zote. Tunafanya hivyo tukijaribu mashine, frein isitusumbue. Halafu unaondoa uzio.

Huyu hakuuondoa. Na Jumanne alienda peke yake.

Panga likapita kwenye ubao wa mlango, ncha ikatokea karibu na sikio langu.

Nikavunja uzio. Nikatengeneza upya. Compilateur kimya, na safari hii ni kimya cha kweli. Nikachomeka waya, nikapakia kwenye kadi. Kazi ilipokwisha tu, mlango ukaanguka.

Waliingia kama maji. Wakamkanyaga tonton, wakamvuta miguu, mwingine akampiga teke la mbavu nikasikia kitu kimevunjika. Tairi likamwingia shingoni. Mtu akaja na chupa ya petroli, akaanza kummwagia kichwani.

Nikabonyeza moulin.

Ikanguruma. Umati mzima ukaruka nyuma.

"Yaya Yakubu!" nikapaza sauti, kama tunavyomwita kaka mkubwa. "Hii si fétiche! Kosa iko ndani ya programu! Frein ilikatwa!"

"Muongo!" Hugues akadakia. "Mohamadi amemulipa! Programu iko muzima, niliitengeneza mimi mwenyewe!"

"Iko muzima?"

"Muzima kabisa!"

"Alors fungua mufuniko, utie mukono. Kama frein yako ni muzima, hautapata kitu."

Watu wakamgeukia. Hugues akaangalia moulin. Akarudi hatua moja nyuma.

"Fungua," Yakubu akamwambia.

"Yaya, siwezi..."

"Juu ya nini?"

"Haitasimama! Niliikataza isimame wakati wa kujaribu, nikasahau kurudisha!"

Moulin peke yake ndiyo ilikuwa inasema.

Halafu nikaona sura ya Yakubu ikibadilika, na sitaki kuiona tena sura ile.

Alichomeka panga kiunoni, akamshika Hugues kisogo, akampigiza uso kwenye chuma, mara nyingi, pua ikafumuka damu. Nikamrukia, kiwiko chake kikanitupa chini. Akamkamata mkono wa kuume.

"Yaya Yakubu, pole! Mama nakufa!"

"Bibi yangu hakupata nafasi ya kusema pole."

Akainua mfuniko, akausukuma ule mkono ndani mpaka kwenye kifundo.

Wamama walifumba macho. Hugues alilia sauti ambayo mpaka leo naisikia kila mbwa akikanyagwa.

Na moulin ikasimama.

Kak. Kimya.

Yakubu akauvuta mkono nje. Vidole vyote vilikuwepo. Ngozi ya kidole cha kati tu ilikuwa imechanika. Hugues alivihesabu, akavihesabu tena, suruali imelowa.

"Niliitengeneza sasa hivi," nikasema kutoka chini, mdomo umejaa damu. "Nyuma ya mulango. Mukitupa mawe."

Yakubu aliangalia vile vidole vizima. Akachomoa panga kiunoni, akaliangusha. Akaenda kumvua tonton tairi, akaketi pale pale kwenye unga mwekundu, akalia kama mtoto aliyefiwa.

Sikujua alirudi nyumbani na vidole viwili kwenye mkono ule. Tonton ana mbavu zinazomsumbua mvua ikikaribia. Hugues, wengine wanasema anabeba mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka, wengine wanasema amevuka mto. Kwangu hajafika, na sahani yake imeshapata mwenyewe mpya.

Juzi Sikujua alikuja kukaa kwangu, nyumba imejaa kama kawaida. Akaniuliza ile compilateur ilikuwa inasema nini hasa. Nikamweleza yote, tangu mwanzo.

Akacheka kile kicheko chake, kikakatika katikati.

"Mimi nililia mara moja, mutaa muzima ukatoka na mawe," akasema. "Ile mashini ililia kila siku. Mukaifunga mudomo juu inawachosha."

Basi ndugu yangu unayesoma, uwe unaandika programu au unaishi tu na watu: mwenye kelele akikosea katika nyumba moja, mnyamazishe katika nyumba ile ile. Usimshone mdomo mji mzima. Siku atakayokuwa na ukweli, atakufa nao kifuani, na mawe yatamtafuta asiyehusika.

Sikujua sasa anasaga kwa mkono wa kushoto. Mfuniko anafungua yeye mwenyewe, hataki msaada wa mtu. Lakini kila mara, kabla ya kuingiza mkono, anainamisha kichwa kwanza na kusikiliza.