Amplifaya Yangu Ilivyomtangaza Mzee Ramadhani

Jamani, aibu hii nimeikalia miaka mingi, na mpaka leo nikipita ule mtaa wa Majengo mjini Dodoma kuna nyumba moja nikiikaribia nageuza uso upande wa pili kama mtu anayetafuta duka. Lakini wenzangu mmenisikia nikisifia amplifaya zangu kila siku, basi ni haki msikie na hili, maana msipolisikia kwangu mtalisikia kwa mke wangu, na yeye huliigiza kwa mikono na miguu.

Wakati huo nilikuwa fundi simu, kijana, na ugonjwa wangu ulikuwa amplifaya za zamani, zile za taa (si taa za kumulika, ni vile vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa ndani ya mashine na kuunguza kama pasi). Aliyeniambukiza ni Mwalimu Chibago, mzee wa Kigogo aliyestaafu, na kila Jumapili akitoka kanisani nilikwenda kwake tukasikiliza santuri, tukafumba macho, tukaambiana kwamba hii ndiyo sauti, hii ina damu. Ndiyo miaka ile mipaka ilikuwa imefunguliwa, maduka yakajaa redio nyeusi nyembamba kutoka Dubai zenye vitaa vya kijani vinavyopanda na kushuka, na sisi wawili tulizidharau kwelikweli, ingawa, niseme ukweli, hakuna aliyetuuliza.

Sasa nilikuwa nimeposa kwa Mzee Ramadhani, mfanyabiashara wa nafaka, kumtaka binti yake Mwanahamisi, na posa ilikuwa imepokelewa lakini haijajibiwa. Hapo katikati akaolewa dada yake mkubwa. Kwenye kikao cha maandalizi binamu wa bwana harusi, jina lake Salum, akasema muziki ataleta yeye, ana mashine mpya ya CD na spika zake. Mtu mwenye akili angeshukuru. Mimi nikasimama mbele ya wazee nikasema CD ni sauti ya bati, na kwamba heshima ya shughuli ya Mzee Ramadhani inataka sauti yenye uzito, niachiwe mimi. Mzee akanitazama kidogo akasema haya. Salum, kijana mpole, akasema atakuja na yake vilevile, ikae pembeni, lolote linaweza kutokea. Mimi nikacheka.

Siku yenyewe nikafika asubuhi, nikaiweka amplifaya barazani kwa sababu kule chini ya turubai joto lake lingewafukuza wageni. Kumbe kutoka barazani mpaka meza kuu waya wa maiki haufiki. Hapo ndipo nilipofanya kale kauamuzi kadogo kalikoniponza: nilikuwa na waya wa simu kwenye mkoba wa kazi, ule mwembamba wa kawaida, nikaunga kwa kusokota, nikafunga kwa utepe wa gundi, nikaupitisha juu ya miti ya turubai kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mwalimu Chibago, ambaye nilimwalika aje ajivune nami, akautazama ule waya akaniambia, "Yahaya mwanangu, huo si waya wa maiki tena, huo ni eria ya kunasia redio." Nikamwambia Mwalimu, usiwe na wasiwasi, leo wataisikia sauti.

Wakaisikia.

Muziki ulikwenda vizuri, nisidanganye, watu walitikisa vichwa, na Mwanahamisi alichungulia mara mbili kwenye mlango wa uani walikokaa wanawake nikajiona nimeshaoa. Ndoa ikafungwa, pilau ikaletwa, na mchana ulipoanza kupoa nikazima santuri na kufungua maiki, kwa kuwa Mzee Ramadhani alitaka kushukuru wageni. Akasimama na kanzu yake nyeupe, maiki mdomoni, akangoja watu watulie. Watu wakatulia. Na katika ule utulivu, kabla mzee hajafungua mdomo, spika zangu zikaanza kuongea zenyewe, sauti ya mtangazaji wa redio, nzito, nzuri, yenye damu kama tulivyokuwa tukisema na Mwalimu:

"...wa Kondoa anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mzazi, Mzee Ramadhani, kilichotokea leo mjini Dodoma. Habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo..."

Mzee Ramadhani mwingine kabisa, Mungu amrehemu. Ila nani alikuwa na nafasi ya kuuliza? Wanaume tuliokuwa mbele tulimwona mzee wetu amesimama mzima, midomo imefumbwa, akitangaza kifo chake mwenyewe. Lakini wanawake wa uani hawakumwona, wao walisikia tu, na kilio kilichopanda kule ndani sijawahi kukisikia tena. Bibi harusi akaanguka. Nikarukia amplifaya kuizima, kwa haraka nikashika kichupa badala ya swichi, kikaniunguza vidole vitatu, nikaachia, nikashika ule waya niung'oe, na mwili wangu ukazidi kuvuta matangazo, sauti ikapanda mara mbili. Nikiachia inashuka, nikishika inapanda, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikawa nashika na kuachia, shika, achia, mbele ya watu wote, habari ziwafikie, habari ziwafikie. Mzee akanigeukia, akasema taratibu kwenye maiki ileile, "Kijana, kizime hicho kitu kabla hawajanizika."

Salum ndiye aliyekwenda kwenye soketi akachomoa umeme. Kisha akawasha CD yake, taarabu ikatoka safi kama maji, wala haikumtangaza mtu.

Mngedhani imekwisha. Jirani mmoja alikuwa ameshakimbilia msikitini, na hazikupita dakika ishirini wakaingia wanaume sita na jeneza begani, wanyenyekevu, wanauliza maiti iko chumba gani. Aliyewapokea mlangoni alikuwa Mzee Ramadhani mwenyewe. Mmoja wao alimwamkia shikamoo kwanza, ndipo akaachia upande wake wa jeneza. Wakalilaza jeneza nyuma ya nyumba, wakakaribishwa pilau.

Mimi niliondoka kwa uchochoro na amplifaya kichwani, Mwalimu nyuma yangu amebeba spika, na njia nzima nilimsikia akishindwa kupumua kwa kicheko.

Kwa miezi mitatu sikukanyaga Majengo. Posa niliihesabu imekufa. Mwisho Mwalimu Chibago akaniburuta kwenda kuomba radhi, tukakaa kwenye jamvi, nikazungumza huku natazama vidole vyangu vyenye makovu. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mwanangu, watu wengi hufa bila kujua nani atawalilia. Mimi nimejua. Mke wangu, ambaye huwa hatuelewani, alilia mpaka akapoteza sauti. Na mdogo wangu Abdallah, nilimwona kwa macho haya, aliendelea na pilau, hakuacha hata tonge."

Akampa Mwalimu mkono, na mimi akanipa binti.

Nimeoa, nina wajukuu, na amplifaya bado ninayo, naisikiliza chumbani kwangu, mlango umefungwa, wala sina maneno tena na mtu mwenye CD. Lakini nimeapa, na Mwanahamisi ni shahidi wangu: kwenye shughuli ya mtu sitaunga waya hata wa kengele. Nikialikwa harusi siku hizi nakwenda mikono mitupu, nakaa mbali na spika, na mtu akishika maiki tu, mimi natazama kwanza nani anaendelea kula.