Nilivyolamba Sukari kwa Wakwe Maombi Yakiendelea

Mimi ndiye yule msichana aliyetia mkono kwenye kopo la sukari akailamba mbele ya wakwe, watu wote wakiwa wamefunga macho wanaomba.

Kama wewe ni wa Tongaren na uliisikia hiyo stori, basi ulisikia nusu tu. Kaa hapo nikupe yote.

Naitwa Jepchumba. Nakaa Matisi, Kitale, nauza nguo za watoto. Niligunduliwa kuwa na kisukari nikiwa kidato cha tatu. Si ile ya wazee mnayoijua. Mwili wangu hautengenezi insulini kabisa, kwa hivyo nisipojidunga ninakufa.

Umewahi kueleza kitu kimoja hadi mdomo ukachoka? Ati kijana mdogo hivi na sukari? Ati ulikuwa unapenda soda sana? Shangazi yangu aliniletea mizizi iliyochemshwa, chungu kama shubiri, akaniambia niache sindano nijaribu hiyo kwanza.

Kliniki nako nagombezwa kama mtoto wa nasari. Motisha, motisha, wanalitaja hilo neno kana kwamba linauzwa sokoni kwa kilo.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka. Kipima sukari kilikaa chini ya kitanda kikila vumbi. Nilijidunga kwa kukisia tu. Kiu ikizidi najua imepanda, mikono ikitetemeka najua imeshuka.

Ndipo nikampata Wabwile, fundi wa simu, mcheshi, mtu wa roho safi. Ugonjwa wangu aliujua na hakukimbia. Lakini siku tuliyopanga kwenda kwao Tongaren nikaonwe na mamake, aliniwekea sharti.

"Hiyo mambo ya sindano usitaje huko. Mathe akijua, hii ndoa imeisha."

Iliniuma sana. Nikanyamaza kwa sababu nilimtaka, na msichana anayetaka kuolewa hunyamazia mengi ya kijinga.

Mamake kila mtu alimwita Mama Viola. Mwanamke mrefu, mchache wa maneno, macho yanakupima kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu. Nilimuuliza Wabwile huyo Viola yuko wapi nimsalimie. Akaanza kunionyesha shamba la mahindi.

Chai ikaja, ya maziwa, imetiwa sukari huko huko jikoni. Na bado wakaweka kopo zima la sukari mezani, kwa wale wasiotosheka.

Nikasema mimi huwa sinywi chai. Kwa watu wa huku, kukataa chai ni kukataa salamu. Mama Viola alikisogeza kikombe changu kando, akanitazama.

Baadaye wakatangaza chakula kiko tayari. Nikaomba kwenda chooni. Huko ndiko nilikojidunga, mkono mmoja na sindano, mwingine umeshikilia mlango usio na komeo, nzi wananizunguka. Bibi harusi mtarajiwa huyo.

Nikarudi. Meza imejaa, kuku, ugali, mboga, vyote vimefunikwa. Hakuna anayegusa.

Kumbe firigisi ya kuku ina mwenyewe, mwanamume mkubwa wa boma. Babake Wabwile alishafariki, kwa hivyo firigisi ni ya baba mdogo, Mzee Nehemiah, na sufuria haifunuliwi kabla hajaketi. Naye alikuwa ameenda soko la Cheptais, mbali kule. Wakasema yuko karibu.

Jamani, "yuko karibu" ya mtu aliye Cheptais mnaijua.

Ukishajidunga, dawa inashusha sukari mwilini, haimngoji baba mdogo. Nilianza kusikia jasho mgongoni. Nikamnong'oneza Wabwile kwamba nahitaji kula sasa hivi. Akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Vumilia kidogo tu."

Mzee Nehemiah akafika hatimaye, akanawa, akasimama kuomba. Aliombea mvua. Aliombea mbolea. Aliombea serikali, wajane, na gari lililokwama huko njiani. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, sauti yake inaenda mbali na kurudi, blauzi imelowa. Sikumbuki nikiamua chochote. Nakumbuka tu kopo la sukari, na mkono wangu ndani yake.

Maombi yakakatika. Niliposikia mtu akisema ni pepo, sukari ilikuwa imenijaa hadi kidevuni.

"Huyu msichana ako sawa kweri?" Mzee Nehemiah aliuliza, na tayari alikuwa ameinua mkono akemee.

"Nehemiah, keti chini," Mama Viola akasema.

Alinishika kidevu. Akaleta kile kikombe cha chai nilichokikataa, akaongeza sukari, akakorogea humo humo, akanishikia mdomoni hadi nikamaliza. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo.

Fahamu ziliponirudia vizuri tulikuwa chumbani kwake. Hakuniuliza kama ni mgonjwa. Aliniuliza nilijidunga saa ngapi.

Kisha akauliza ni nani aliyeniambia nijifiche. Nikatazama mlangoni. Wabwile alikuwa amesimama pale, anaangalia viatu vyake.

Mama Viola akafungua kabati, akatoa picha ya msichana aliyevaa sare ya shule.

"Huyu ndiye Viola. Alikuwa na hii yako. Dawa ilikuwa ndani ya hii nyumba, mwanangu. Alikuwa anatuambia amejidunga, na sisi hatukuuliza tena, tulikuwa tunaonea watu aibu. Tukamzika."

Nililia. Halafu nikashikwa na hasira, hasira ya kweli. Wabwile alimzika dadake kwa ugonjwa huu, na bado akanikanyaga mguu nivumilie. Baadaye alijitetea kwamba aliogopa mamake angenikataa, asije akazika mwingine. Nilimwelewa. Kumsamehe ilinishinda.

Mamake alinisindikiza hadi barabarani.

"Ukitaka kuolewa hapa, olewa. Ukikataa, kataa. Lakini kila asubuhi nitakupigia simu, na utanisomea namba ya hiyo mashine ya kupimia sukari."

Nilidhani ni maneno ya kuagana. Asubuhi iliyofuata simu ikalia nikiwa bado kitandani. Umepima? Nikadanganya kwamba ndiyo. Ni ngapi? Viola naye aliwahi kulala hivi hivi akimdanganya mama huyu huyu.

Nikainama chini ya kitanda, nikakipangusa vumbi kile kipima sukari.

Namba ya siku hiyo ilikuwa ya kutisha. Niliisoma nikingoja kugombezwa. Akasema sawa, nijidunge vile daktari alisema, ninywe maji, na nikienda kliniki niwaambie ukweli.

Mimi na Wabwile tuliachana kabla ya mavuno. Nilimwambia mamake mwenyewe kwa simu, nikajua zile simu za asubuhi zimeisha, na ninakiri hilo ndilo lililoniliza kuliko Wabwile.

Kulipokucha, simu ikalia.

"Umepima?"

"Mama, si nilikwambia mimi na Wabwile tumeachana?"

"Hayo nilisikia. Nimekuuliza namba."

Hadi leo ananipigia. Sindano bado naichukia, na kuna asubuhi naamka nimenuna na dunia nzima. Lakini ninapima, kwa sababu kuna mtu huko Tongaren anangoja jibu.

Kijana mwenzangu, usingoje siku utakayoipenda dawa, haiji. Tafuta mtu mmoja usiyemwonea aibu, umsomee namba hata zikiwa mbaya. Na ukienda kwa wakwe, uliza mapema mwenye firigisi yuko wapi.

Nawe mzazi, mtoto akikwambia ameshajidunga, usiishie hapo. Muulize namba.