Koti la Baba na Matone ya Misuli

Naona haya kuusimulia mkasa huu, lakini hasira yangu imeishinda aibu, kwa hiyo nitausema. Dada yangu mdogo alikuwa analetewa mahari hapa Brussels, na kwa kuwa baba yetu alishafariki, ilinipasa mimi kaka mkubwa kuvaa koti lake na kuwapokea wakwe. Koti lilinipwaya mabegani kama limetundikwa kwenye ufagio, na mwenye akili angelipeleka kwa fundi pale mtaa wa Molenbeek alipunguze. Mimi nikaamua kuongeza mwili.

Jamaa mmoja tuliyekuwa tukinyanyua naye vyuma mtaa wa Anderlecht akaniuzia kichupa cha matone ya kukuza misuli, akanihesabia na idadi ya kumeza kila siku. "Haiko sindano, ndugu. Ni kitu ya science." (Niliacha shule mapema, na mtu akinitajia sayansi mimi hulewa.) Wiki mbili mabega yakawa yaleyale, nikazidisha matone, wiki ya tatu ngozi inawasha, chakula hakipiti, na asubuhi ya mahari naamka macho ya manjano kama kiini cha yai, nikavaa miwani ya jua nikaenda hivyohivyo.

Ukumbini tonton, mdogo wa baba, akaninong'oneza: "Toa lunettes. Unasalimia bakwe."

Nikatoa. Shangazi wa bwana harusi akarudi nyuma hatua moja. "Bon, huyu kaka iko na ugonjwa gani? Kama ni ya familia, tujue mbele ya kuendelea."

Nikinyamaza, ndoa ya dada yangu inaharibika. Nikakitoa kichupa mfukoni, nikakiri mbele ya koo mbili kwamba nilikuwa natafuta mabega.

Shangazi, ambaye kazi yake ni kutunza wazee, akasogeza kichupa karibu na macho. "Papa, bameandika: ya laboratoire tu. Haiko ya bantu." Yaani ni ya utafiti wa maabara, si ya watu kumeza.

Walicheka mpaka wakafuta machozi. Mahari ikapokelewa, koti akavaa tonton, mimi nikapelekwa hospitali. Daktari akasema dawa hiyo haijaidhinishwa, waliojaribiwa ni wachache na kwa muda mfupi, na wapo walioumia ini, kama mimi.

Nilipopona nikamfuata muuzaji. "Lakini imeandikwa, ndugu. Haukusoma?"

Yaani karatasi ya kichupa inakataa, mdomo wake unaruhusu, na idadi ya matone ananihesabia yeye! Siku hizi nasoma hadi pakiti ya maziwa. Ukinikuta nimeziba njia dukani, subiri nimalize.