Kamera ya Sista Wanjira

Sista Wanjira alipostaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika wadi ya uzazi, wenzake hawakumpa blanketi wala tangi la maji kama walivyopewa wengine. Walimpa kamera, tena ile kubwa ya kubadilisha lenzi. Walikuwa na sababu. Kwa muda mrefu, mama akijifungua na simu yake imeisha chaji, Wanjira ndiye aliyempiga mtoto picha kwa simu yake mwenyewe, kisha akaituma kwa baba, kwa nyanya, kwa yeyote ambaye namba yake ilikumbukwa.

Lakini simu ilikuwa ya kubonyeza pahali pamoja tu. Kamera hii, nyeusi na nzito kama pakiti ya sukari, ilikuwa na vitufe kila upande na gurudumu dogo juu lenye herufi ambazo hakuna aliyemweleza maana yake. Aliirudisha kwenye boksi, akaliweka boksi juu ya kabati la chumbani, na kwa miezi miwili akawa anapita chini yake taratibu, kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua.

Mumewe, Naftaly Njeru, alikuwa karani wa wapima ardhi hadi alipostaafu: mtu mpole, mwenye maneno machache, aliyependa vitu vikae kwenye mstari.

"Mama Mwaniki," alimwambia asubuhi moja wakinywa chai, akimwita kwa jina la mtoto wao, "kile kitu utakitumia lini? Ama unangoja mwenyewe aje kukichukua?"

Maneno yakamwingia. Akaishusha kamera, akatoka nayo nyuma ya nyumba yao katika mtaa wa Majimbo, akapiga picha kuku, akapiga maua, akapiga sufuria zilizoanikwa. Kila picha ikatoka nyeusi tititi. Alihangaika karibu saa nzima kabla Naftaly hajasogea na kunyoosha kidole.

"Hicho kifuniko cha mbele, si kinatoka?"

Kilitoka. Picha zilizofuata zilikuwa na mwanga, ila kuku walionekana kama moshi.

Juma lililofuata alibeba kamera hadi kwa Nyamu, mpiga picha wa harusi mwenye studio ndogo mjini, baba wa mabinti wawili ambao wote walizaliwa mikononi mwa Wanjira. Nyamu aliisafisha lenzi kwa kitambaa, akamvutia kiti.

"Sista, vitufe tuviache kwanza. Ukimmulika mgonjwa machoni kwa tochi, mboni hufanya nini?"

"Hujibana. Ukiondoa tochi inapanuka."

"Basi lenzi nayo ina mboni. Jua likiwa kali unaibana, pakiwa na kivuli unaipanua. Na ukiipanua sana, itaona vizuri kile tu ulichokilenga. Vya nyuma vitayeyuka."

Wanjira aliitazama ile kamera mapajani mwake, akajicheka. Miezi miwili yote alikuwa akiogopa jicho, yeye aliyechungulia macho ya watu maisha yake yote.

Tangu siku hiyo hakuiweka tena juu ya kabati. Alijifunza kubana viwiko mbavuni ili mikono isitetemeke, na kushusha pumzi kabla ya kubonyeza, jambo alilowaambia akina mama maelfu kwa maelfu. Alipiga picha majirani, akapiga kwaya ya kanisa, akapiga ule mlima wa mbali siku mawingu yalipokubali uonekane. Nyingi alizifuta.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemkatalia. Naftaly alikulia upande wa Mbeere, karibu na kisima ambacho maji yake yaliwaachia watoto wengi meno ya kahawia, na tangu shuleni alizoea kufunga mdomo mbele ya kamera. Katika picha yao ya harusi amekaza midomo kama mtu anayeumwa na jino. Wanjira hakumlazimisha. Alijua aibu ya mtu haiondolewi kwa kuvutwa mkono.

Mwezi wa nane walikwenda Meru kumtembelea Gladwell, dadake Wanjira, aliyeolewa huko na aliyekuwa akiuza viazi katika soko la Gakoromone. Wanjira alipotoa kamera pale sokoni, mama mmoja wa vitunguu akamuuliza kwa ukali, "Hizo picha ni za kupeleka wapi?" Akairudisha haraka. Akazunguka kwanza akisalimia, akinunua hiki na kile, akijieleza. Kufikia saa sita yule wa vitunguu alikuwa ameshavua aproni na kumwita ampige picha.

Huku nyuma Gladwell alikuwa amemwachia Naftaly viazi vyake kwa muda mfupi ili atafute chenji. Aliporudi, alikuta mafungu yake yote yamevunjwa na viazi vimepangwa safu moja moja, vimenyooka kama vimepigiwa kamba.

Gladwell akashika kiuno. "Shemeji, hizi waru ni za kuuza, ama unawapimia watu mashamba? Bikoni za mipaka umeweka wapi?"

Naftaly alizitazama safu zake. Kicheko kilimtoka tumboni, kichwa kikaenda nyuma, mdomo wazi, machozi yakimlenga. Wanjira alikuwa hatua nne kutoka pale. Chini ya turubai la kibanda mlikuwa na kivuli. Akaipanua mboni, akamlenga machoni, akashusha pumzi, akabonyeza.

Naftaly aliusikia ule mlio. Akafunga mdomo.

"Futa," alisema.

"Nitafuta. Lakini iangalie kwanza."

Akaipokea kamera kwa mikono miwili. Soko lote lilikuwa limeyeyuka nyuma yake, rangi tupu, na katikati alikuwa mzee mwenye mikunjo ya furaha na meno yake yote nje. Aliitazama kwa muda mrefu hadi Gladwell akaacha kupanga viazi.

"Hivi ndivyo ninavyocheka?"

"Huu mwaka wa thelathini na sita tangu tuoane."

"Na hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia, ungeacha."

Naftaly alimrudishia kamera polepole, akainama kumsaidia shemeji yake kurudisha mafungu. Neno la kufuta halikutajwa tena, wala siku hiyo, wala walipofika nyumbani. Wiki mbili baadaye Wanjira alipitia kwa Nyamu, akaambiwa mzee alikuja peke yake na kadi ya kamera mfukoni, akaagiza ile picha ya sokoni, kubwa, yenye fremu.

Jumamosi iliyofuata alimkuta Naftaly nyuma ya nyumba, amevaa shati lililopigwa pasi, amesimama karibu na mgomba.

"Nisimame hapa," aliuliza, "ama kule kwenye jua?"

Alisimama wima kama mlingoti, akalazimisha tabasamu, na picha ikatoka mbaya kabisa. Waliiangalia pamoja, wakacheka, wakaingia ndani kuinjika chai.