Gemu za Kando ya Kitanda cha Kaka

Gemu ya mpira niliianza mimi, kwa nia njema. Nafanya kazi kwenye kibanda cha gemu cha mjomba hapa Magongo, na mjomba aliniruhusu nibebe nyumbani mashine moja kuukuu ambayo wateja walikuwa wameikataa. Kaka alikuwa akifunga minyororo juu ya kontena kule bandarini Kipevu, akateleza, akaangukia mgongo. Mikono yake mizima. Kuanzia kiunoni kwenda chini, hakuna habari. Alikuwa ameacha kuzungumza, na mimi, ambaye kwa kujipa matumaini sijambo, nikasema mtu akipata kitu cha kushindana nacho atataka kuiona kesho.

Basi, mpira. Kwa macho yangu ni gemu nzuri: nyasi zang'aa, watu washangilia, hata ukifungwa waburudika. Lakini sikuwa nimefikiria miguu. Gemu nzima ni miguu. Mchezaji wa kaka alichezewa rafu, akatolewa kwa machela, na punde si punde yuko uwanjani tena, mbio. Kaka aliiweka pedi ya kuchezea kifuani.

"Huyu kapona upesi," akasema, akafumba macho.

Nikaleta ya malori. Hii naipenda mpaka leo. Unaendesha lori refu katika nchi za baridi, lami laini, mvua yapiga kioo, na hakuna anayekufokea. Naota siku moja nitaunda yangu ya Magongo, yenye mashimo, na muuza viazi karai anayevuka barabara bila kutazama. Kaka aliicheza kidogo, akazitaja kasoro zake zote.

"Dereva hali, halali, hendi haja. Lango la bandari halina foleni. Na utingo wake yuko wapi?"

Kaka mwenyewe alikuwa utingo. Nikamjibu kwamba labda kwenye gemu hahitajiki. Neno likishatoka halirudi. Alinitazama, akageuza uso ukutani.

Ya shamba siizungumzii sana. Unapanda mahindi, unangoja. Kaka alisema kungoja anakujua bila kufundishwa.

Iliyomwamsha ilikuwa ya vita, na hiyo ndiyo nisiyoipenda. Imetengenezwa kwa ufundi, siwezi kuinyima haki yake, lakini mimi hata adui humuonea huruma, maana akipigwa hulia kama mtu mwenye mama yake. Kaka akawa mahiri. Akaanza kunicheka, "Wewe wapigana ama watalii?" Mama akikisikia kile kicheko huacha alichokuwa akifanya, akasimama tu jikoni akisikiliza. Yeye ndiye aliyekuwa akimwosha kaka, akimbeba, na mchana kutwa kumgeuza ubavu huu na ule asifanye vidonda, hata mgongo wake mwenyewe ukaanza kupinda.

Siku moja asubuhi mama alikuwa ameenda mferejini kuteka maji. Mwisho wa gemu ile kuna jitu kubwa ambalo lilikuwa limetushinda wiki nzima, na siku hiyo kaka akalilaza chini. Nikaruka.

"Kaka, ashakufa! Wallahi, kaka, ashakufa!"

Nilikuwa namwambia yeye kuhusu lile jitu. Kwenye maandishi kuna kituo kidogo baada ya "kaka". Kwa jirani yetu wa mlango wa pili, aliyekuwa akianika nguo chini ya dirisha, na ambaye kama mtaa mzima alikuwa ameitarajia habari hiyo kwa miezi, kituo hakikuwepo. Alijitanda leso, akakimbia mferejini kumwita mama.

Sisi ndani tulisikia ndara nyingi uani, kisha sauti ya mwanamke, "Afadhali kapumzika, maskini." Nikashika pedi bila kuelewa. Halafu tukasikia mtungi ukitua mlangoni, na sauti ya mama, kabla hajaangalia ndani.

"Alhamdulillah."

Akafungua pazia. Kaka alikuwa ameegemea mito, pedi mkononi, akimtazama.

Wanawake walicheka kwa ahueni. "Maiti gani huyu atushinda kwa starehe?" mmoja akasema. Jirani aliomba radhi mpaka akachoka, wakaondoka. Mama alibaki pale pale pazia likiwa mkononi.

"Mama," kaka akasema, "umeambiwa nimekufa, ukashukuru."

"Mtu akipata msiba asemeje, mwanangu? Mungu hushukuriwa kwa kila hali."

"Husema innalillahi. Yako haikuwa ya subira. Ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo."

"Nilikuwa nimetua mtungi."

"Najua ulichotua."

Tangu hapo hakukubali mama amguse. Mama akija kumgeuza, kaka hushika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili, na mikono hiyo ndiyo pekee iliyobaki na nguvu. Mimi, aliyenikubali nimgeuze, hutoka kibandani jioni. Mchana kutwa akawa analala ubavu mmoja. Haikuchukua muda, nikimbadilisha shuka naona doa, kisha naona nyama. Muuguzi aliyemtazama alituonya kwamba kidonda cha namna hiyo huingia ndani mpaka mfupa, na kwamba wengi wa wagonjwa hawa hawauliwi na mgongo bali na kidonda.

Mama aliniita jikoni.

"Abee, mama."

"Kaka yako aniuliza kwa macho kila siku. Ningekuwa na jibu ningempa." Alikuwa akipepeta mchele ambao tayari ulikuwa safi. "Lile neno lilitoka lenyewe. Mimi mwenyewe naogopa kuliuliza limetoka wapi."

Nikaenda kutafuta gemu.

Niliyoipata haina damu wala mbio. Ni watu wawili wadogo ndani ya jumba bovu, na milango yake haifunguki ila mmoja akanyage jiwe la sakafuni mwenzake apite. Kwa uchezaji ni ya kuchosha. Nilimpa kaka pedi moja, nikamwita mama, nikampa ya pili, nikasema nina kazi uani. Nilisimama nyuma ya pazia.

Mtu wa mama aligonga ukuta muda mrefu. Kaka alimwacha agonge. Mwisho akasema, bila kumtazama:

"Kibonye cha chini. Shikilia, usiachie."

Mama alishikilia. Mlango ukainuka, mtu wa kaka akapita.

"Achia sasa, nishapita."

"Nikiachia hautakufungia?"

"Achia, mama."

Hakuachia. Macho yake kwenye runinga, akamuuliza, "Nikugeuze?"

Kaka aliiachia pedi, na badala ya kushika ukingo wa kitanda akailaza mikono kifuani.

Mama aliweka pedi chini, akamgeuza, na kwa mara ya kwanza akakiona kidonda. Kisha akaniita nichemshe maji, nitie chumvi, na nisichelewe.